Maksai Aliyeitwa Ningoje

Mlisha maksai hutazama na mkojo.

Haya, chekeni. Chekeni mpaka mbavu ziwaume, mimi sina haraka. Foleni ya josho ni ndefu na ng'ombe wangu wako nyuma kabisa. Mzee Ndaki kamtupia Shija neno hilo mbele yenu, kajiondokea na fimbo yake, nanyi mmebaki mnakenua meno kwa sababu mmesikia mkojo. Mlisha hamkusikia. Hutazama hamkusikia. Masikio yenu yanachagua kama mbuzi kwenye kichaka.

Na wewe Shija usininunie. Ulikuwa unajisifu hapa, eti kila mwezi unampelekea mama yako unga na sukari kutoka mjini na hana shida yoyote duniani. Mzee akakujibu, basi, hakukutukana. Sogeeni huku mtoke kwenye vumbi, niwaambie neno hili lilizaliwa wapi. Lilizaliwa hapahapa Mwasubuya, nami nilikuwapo. Nitawaambia na kosa langu pia, msije mkalisikia kwa wengine.

Miaka ile mimi, niitwaye Kwangu, nilikuwa mke mpya, nimeolewa boma linalopakana na la mzee Malale. Mzee Malale alikuwa mgane. Alikuwa na mtoto mmoja tu wa kiume, Luhende, na mke wa Luhende aliitwa Sado. Huyo Sado ndiye mwenye habari hii. Mengi aliniambia mwenyewe tukipura mtama, na mengine niliyaona kwa macho yangu juu ya ua.

Sado hakukaa na mumewe hata mwaka. Mvua zilikatika, pamba ikaungulia shambani, na Luhende akasikia kwamba huko kusini watu wanachimba vito. Akasema anakwenda kutafuta mawe. Siku mbili kabla ya kuondoka akamkamata ndama dume mwekundu, mwenye doa jeupe kwenye paji la uso, akamhasi. Ndama alikuwa na miezi mitatu tu.

Baba yake akamwambia, "Mwanangu, dume huachwa kwanza akomae, ajaze shingo. Haraka ya nini?"

Luhende akasema, "Baba, nikimwacha atakuwa mkali, nami sitakuwapo wa kumtuliza. Nataka nikirudi nimkute mpole, nimfunge jembe siku hiyohiyo."

Akampa jina Ningoje. Kisha akamgeukia mkewe pale mlangoni mwa zizi akamwambia, "Huyu akianza kuvuta jembe, mimi nitakuwa nimefika." Akaenda zake.

Ukapita mwaka wa kwanza, ukapita wa pili, ukaingia wa tatu. Hakuwatupa, nisimsingizie. Basi la Jumatano lilikuwa likileta kifurushi: sukari, sabuni, kanga, mara moja koti zito la mzee. Ndani yake kulikuwa na kikaratasi kimekunjwa mara nne: natumaini hamjambo, mimi sijambo, kazi ni nzuri. Ukigeuza upande wa pili hakuna kitu.

Majibu aliandika Sado, maana alikuwa amemaliza darasa la saba na mzee hakujua kalamu. Mzee alikaa kwenye kigoda chake uani, Sado akakaa mbali kidogo, ameupa mgongo uso wa mkwewe kama ilivyo adabu, karatasi juu ya goti. "Andika," mzee anasema. "Sisi hatujambo. Ng'ombe hawajambo. Ningoje amenenepa, ukimwona hutamjua. Mkeo hajambo." Na Sado anaandika, kwa mkono wake mwenyewe, kwamba hajambo. Miaka mitatu alimwambia mumewe kwamba hajambo, na haikuwa kweli hata siku moja.

Alimtamani mumewe, jamani, nisiwafiche. Aliutamani mpaka ule ubishi wake wa kula akiwa amesimama. Aliniambia kwamba upande wa Luhende kitandani hakuwahi kuulalia. Akijigeuza usingizini na mkono ukaangukia huko, aliamka. Jioni alipokwenda kumwekea maksai chakula alimwita jina lake, "Ningoje! Ningoje!", na kila akilitamka alimsikia mumewe ndani yake. Kaka zake walikuja mara mbili kumchukua. Wakamwambia yeye bado kijana, mume wake kamezwa na mashimo. Akawajibu, "Siku Ningoje akivuta jembe na mume wangu hayupo, au siku Ningoje akifa, nitafungasha na kuwafuata. Kabla ya hapo msinisumbue." Basi mjue, tumaini lote la mwanamke yule lilikuwa limefungwa kwa kamba kwenye shingo ya ng'ombe mmoja.

Mzee naye alikuwa anaugua ugonjwa uleule. Ila mwanamume wa enzi zile angekufa kuliko kusema namkumbuka mwanangu. Kwa hiyo akawa analisha. Kila pumba iliyotoka mashine ya kusaga ilikwenda kwa Ningoje. Mashudu ya pamba aliyafuata kwa mkokoteni, kutwa nzima kwenda na kurudi, yakaenda kwa Ningoje. Ng'ombe wengine walikwenda malishoni wakanywa kwenye lambo la ng'ambo. Ningoje alifungwa nyumbani chini ya banda, asije akakonda, asije akaibiwa, Luhende asije akamkosa. Mzee alimpigapiga shingoni akamwambia, "Kula, baba, kula." Hilo ndilo neno lake.

Maji yalikuwa shughuli nyingine. Kiangazi kile mto ulikauka hadi ukawa mchanga mtupu, tukawa tunafukua kwa bakuli na kungoja yachuruzike. Sado alirudi na ndoo mbili saa nne ya asubuhi: moja ya nyumba, moja ya Ningoje. Ndoo moja kwa kutwa, kwa dume la ukubwa ule, na mbele yake beseni la pumba kavu! Leo hata nyinyi mnajua. Siku hizo tulisema, mzee Malale anajua kufuga, tazama maksai wake anavyong'aa.

Na mkamwana alilishwa vivyo hivyo. Nyama alipewa, maziwa alipewa, kanga mpya kila mavuno. Hakuna aliyeweza kusema mzee Malale anamtesa mke wa mwanawe. Ila hakuna aliyemuuliza neno.

Sasa sikilizeni vizuri.

Kazi ya Sado kila asubuhi ilikuwa kuzoa banda. Mnajua banda la maksai lilivyo asubuhi: samadi imekandamizwa na mkojo, jembe linanasa, mguu unateleza. Asubuhi moja akaingia akakuta pakavu. Akapiga jembe, vumbi likapanda. Akadhani maji ya jana yalikuwa machache. Siku ya pili pakavu tena, na Ningoje amesimama, miguu ya nyuma ameitanua na kuisukuma nyuma, mgongo ameukunja, mkia anaupandisha na kuushusha, anapandisha na kushusha, na hakuna kinachotoka. Akainama kumchungulia chini ya tumbo. Pale kwenye nywele za ncha, pale mnapopajua msikenue tena meno, akaona punje nyeupe zimeshikamana kama chumvi ya mawe. Likadondoka tone moja, lina wekundu. Ningoje akaugeukia ubavu wake akautazama, akalipiga tumbo kwa kwato, akasaga meno.

Mzee alipokuja akaona mkia unapanda akasema, "Choo kimefunga." Wanaume wawili majirani wakaja, wakatazama kutoka mbele, wakatikisa vichwa: choo kimefunga. Wakamnywesha chupa ya magadi na mafuta. Ningoje akayatema nusu. Pumba hakugusa, na mzee, badala ya kushtuka, akaenda kumchanganyia na mashudu ili zimvutie.

Sado alijua si choo. Lakini angesemaje? Kwetu mkamwana akikutana na baba mkwe njiani hupisha, hupiga magoti pembeni, wala hamtazami usoni. Na mambo ya chini ya kiuno hayatajwi kati yao, yawe ya mtu, yawe ya mnyama. Ukiyataja umemvua mkweo nguo. Mtaitwa barazani, na unaweza kurudishwa kwenu na faini ya mbuzi juu. Jambo la namna hiyo hupitia kwa mama mkwe, naye mama mkwe alikuwa kaburini.

Ndipo akanijia mimi. Akaniita uani akaniambia yote: pakavu, punje, tone jekundu. Akasema, "Kwangu, mwambie mumeo amwambie mzee." Na mimi, na ujinga wangu wa miaka kumi na tisa, nikamwambia, "Nyamaza, Sado. Wanaume wanajua ng'ombe zao. Ukisema utaonekana huna malezi." Hilo ndilo kosa langu. Nililisema huku nasuka ukili, wala sikuinua kichwa.

Akarudi akanyamaza kutwa nzima ya pili.

Asubuhi ya tatu Ningoje alikuwa amelala, akiinuka anaanguka magoti. Mzee alisimama mlangoni mwa banda na wale majirani wawili. Sado akajifunika kanga kichwani, akapita pembeni, akapiga magoti karibu na ng'ombe. Hakusema na mzee. Alisema na ng'ombe.

"Ningoje, pole. Ningoje, leo siku ya tatu ardhi yako kavu. Maji ninayokupa yanakwenda wapi?"

Mzee alisikia. Aliniambia mwenyewe baadaye kwamba alisikia kila neno. Lakini aibu ilimwingia mbele ya wenzake. Akakohoa, akageuka, akaanza kwenda. Mmoja wa majirani akasema maksai huyu achinjwe angali na nyama, na mzee akajibu kwa sauti ndogo, "Labda."

Sado aliposikia labda, akainuka. Akatoka mbio, kanga ikamwanguka, akawapita wale wanaume, akasimama mbele ya mkwewe katikati ya njia. Mkamwana! Kamzibia njia baba mkwe, kichwa wazi, macho kwa macho. Mimi nilikuwa nachungulia juu ya ua, nikashika mdomo.

"Baba," akasema, "ng'ombe hakojoi."

"Umesema nini?"

"Hakojoi, baba. Siku ya tatu leo. Si choo. Anasukuma na hakuna kitu, likitoka ni tone, na tone lina damu. Nirudishe kwetu kesho ukitaka, nitakwenda, lakini leo mtazame."

Wale majirani wawili walitazama juu kama wanaotafuta mvua. Mzee Malale fimbo ikamponyoka. Nilidhani ataiokota amchape. Akaiacha palepale, akasema, "Mwanangu, njoo unionyeshe."

Wakaenda. Wakainama pamoja chini ya tumbo la ng'ombe, mkwe na mkamwana, vichwa vinakaribia kugusana, jambo ambalo sijaliona tena tangu siku hiyo. Sado akamwonyesha zile punje. Mzee akazichukua kwa vidole viwili akazisaga, zikakwaruza. Akanusa vidole. Alivua lile koti la Luhende akalitupa uani, akakimbia. Mzee wa miaka sitini na ushee, alikimbia mpaka kwa bwana mifugo, na si karibu.

Bwana mifugo wakati ule alikuwa Mhaya mmoja, Bwana Kyaruzi, mfupi, mwenye maneno makali na mikono laini. Alimbeba mzee nyuma ya baiskeli. Kufika tu akaingia banda, akapeleka mkono nyuma ya ng'ombe ndani kabisa, akafumba macho. "Kibofu kimejaa kama kibuyu," akasema. "Hakijapasuka. Mna bahati. Kikipasuka ng'ombe hupata nafuu ya uongo: anatulia, anaacha kusukuma, mnafurahi mnaimba. Kisha tumbo linajaa maji, siku mbili tatu mnamzika." Akapapasa chini ya mkia, akashuka na vidole polepole hadi katikati ya mapaja, vidole vikasimama. "Kajiwe kako hapa."

Wakamlaza wakamfunga. Akampiga sindano ya ganzi, akaosha, akachana kidogo kwa kisu chake. Sado alikuwa ameshika kichwa cha Ningoje mapajani, anamwambia maneno masikioni. Bwana Kyaruzi akachokoa, akatoa kijiwe, akakiweka kwenye kiganja cha mzee. Hakikuzidi punje ya mtama. Na nyuma yake ukaja mkojo, lo, mwekundu kwanza, kisha wa manjano, kwa nguvu, ukamlowesha bwana mifugo shati na suruali. Hakuna aliyecheka. Mzee alikuwa analia waziwazi.

"Mwanangu amekwenda kutafuta mawe," akasema, "na jiwe limekuja lenyewe nyumbani."

Bwana Kyaruzi akawa ananawa. "Mzee, huyu anakula nini?"

"Pumba. Mashudu. Simnyimi kitu."

"Na maji?"

"Ndoo."

"Ndoo ngapi?"

Mzee akainua kidole kimoja.

"Wewe ukila ugali mkavu wa sufuria nzima kwa kikombe kimoja cha maji utakuwaje? Pumba nyingi, maji machache, na kusimama kutwa kama nguzo, ndiyo hayo mawe. Yanajijenga polepole, chembe kwa chembe. Na tena alihasiwa akiwa mdogo mno. Njia yake haikupanuka, kijiwe ambacho dume lingekipitisha yeye kinamziba. Mpunguzie pumba. Mtilie chumvi kwenye chakula ili kiu imshike, na maji yawepo mbele yake asubuhi, mchana na jioni. Atembee na wenzake, ale majani. Kidonda kioshwe kwa maji ya chumvi, nzi wasitue. Kuanzia leo atakojolea nyuma, kama jike, msione ajabu."

"Na jembe?" Aliyeuliza ni Sado.

Bwana Kyaruzi akamtazama. "Jembe hapana, mama. Mkimchunga ataishi miaka kadhaa. Lakini jembe huyu hatavuta kamwe."

Sado akakitoa taratibu kichwa cha ng'ombe mapajani, akakaa chini kwenye samadi, akaanza kulia. Wengine walidhani ni furaha. Mimi nilijua. Mumewe alisema, huyu akianza kuvuta jembe nitakuwa nimefika. Sasa siku ile aliyokuwa akiingoja miaka mitatu ilikuwa imefutwa, haitakuja.

Jioni majirani wakaja kwa mzee kumwambia kwamba mkamwana amevunja adabu, ametaja mkojo mbele ya mkwewe, barazani linangojwa neno lake. Nilisikia jibu. Mzee Malale alikuwa amekaa kwenye kigoda, kile kijiwe bado mkononi.

"Mlisha maksai hutazama na mkojo," akasema. "Mimi nililisha tu. Nilitazama kinachoingia, kinachotoka sikukitazama. Aliyetazama ni huyu mtoto, na kwa kutazama mnataka mbuzi? Faini ni yangu." Akaenda zizini, akatoa beberu lake mwenyewe, likachinjwa, na pande la kwanza akampa Sado. Majirani wakala, wakaona haya, wakaaga.

Jumatano ikafika, basi likaleta kifurushi. Sukari, kanga, kikaratasi. Mzee akakaa uani, Sado akakaa na karatasi gotini.

"Andika. Sisi hatujambo. Ng'ombe…" Akasita. "Ningoje aliugua, amepona. Mkeo…"

Akasita tena. Kisha akauliza, "Sado. Wewe hujambo?"

"Sijambo, baba."

"Sikusalimii, mwanangu. Nakuuliza."

Sado akaanza kuichora karatasi vialama visivyo na maana. Halafu likatoka, kama lile la asubuhi ile ya banda. "Sina raha, baba. Namtaka mume wangu. Nimechoka kuandika hajambo. Ningoje hatavuta jembe, basi mimi nangoja nini? Nawaona kina Kwangu wanagombana na waume zao na natamani hata huo ugomvi."

Mzee akachezacheza na fimbo yake. "Mimi pia namtaka," akasema. Alikuwa hajawahi kulisema. "Miaka mitatu nimekulisha wewe na yule ng'ombe, nikadhani ndiyo kusema." Akainuka. "Andika lako. Mimi sitalisikia, nakwenda kumnywesha Ningoje. Ukimaliza, chini kabisa mtilie lile neno langu."

Akaenda, ndoo mkononi, mzee mzima, kazi ya wanawake.

Barua ile Sado alinisomea kabla hajaipeleka kwenye basi. Ilikuwa fupi. "Luhende. Barua zote zilizosema sijambo niliziandika mimi, lakini hazikuwa zangu. Hii ndiyo yangu. Sukari yako tamu, kanga zako nzuri, na upande wako wa kitanda uko kama ulivyouacha. Ng'ombe wako hatavuta jembe kamwe, kwa sababu ulikuwa na haraka na sisi tulilisha bila kutazama. Usituwekee tena siku. Kama unakuja, njoo. Kama huji, niambie. Baba anasema: mlisha maksai hutazama na mkojo. Umetulisha miaka mitatu. Njoo ututazame."

Hakujibu. Jumatano moja ikapita bila kifurushi, na ya pili. Kaka zake Sado wakatuma salamu kwamba wanakuja. Sado akaanza kukunja nguo zake, moja leo, moja kesho, anavuta siku.

Ikanyesha mvua ya kwanza. Asubuhi yake Sado alikuwa anarudi lamboni na Ningoje, kamba mkononi, Ningoje kwato zimejaa tope. Njiani penye mkonge akamwona mtu amesimama na begi dogo. Amekonda, nywele zimejaa vumbi jekundu la huko. Mtu yule hakumkimbilia mkewe. Alimzunguka ng'ombe kwanza, akaenda nyuma, akakiona kile kidonda kilichopona, akakiwekea mkono. Kisha akasema, "Nilimhasi mapema."

"Ulimhasi mapema," Sado akasema.

"Hujambo, Sado?"

Na Sado hakujibu. Aliniambia, "Kwangu, salamu nyepesi kama ile, mtoto wa miaka miwili anaijibu, nami nikashindwa." Akampa kamba ashike, wakatembea mpaka nyumbani, ng'ombe katikati. Wiki nzima Luhende alimuuliza kila asubuhi, hujambo, na kila asubuhi alikaa kungoja jibu, akamtazama usoni kwanza. Siku ya nane ndipo Sado akamwambia sijambo, na siku hiyo ilikuwa kweli.

Mawe hakurudi kuyatafuta tena. Na Ningoje aliishi mvua nne baada ya hapo, hafanyi kazi yoyote, anatembea na wenzake, anakojoa kwa nyuma kama jike. Mzee Malale, Mungu amrehemu, kila alipomwona anakojoa alipaza sauti uani bila haya, "Sado! Amekojoa!" Na Sado kutoka jikoni anaitika, "Nimesikia, baba!" Wapita njia walitucheka sana Mwasubuya.

Haya. Mbona hamcheki sasa?

Shija, kaa chini kwanza. Unga umepeleka, sukari umepeleka. Ulipofika juzi ulilala kwa mama yako, au ulilala kwa rafiki zako pale senta? Usiniambie mimi. Mimi nilishaulizwa na Sado nikamjibu bila kuinua kichwa, sina la kumfundisha mtu. Nasema tu kwamba asubuhi nilipita kwake nikamsalimu, akaniambia hajambo. Nami sauti ile naijua.

Ee, nenda. Ng'ombe wako nitawaingiza mimi joshoni pamoja na wangu. Sukari usichukue, anayo. Keti naye, muulize hali, kisha unyamaze ungojee akujibu, hata ikichukua siku nane.

Na nyinyi wengine, likiwatoka tena hilo neno barazani mkaona watu wanacheka, msiwafokee. Kila mtu huanza kwa kucheka. Mlisha maksai hutazama na mkojo.